Littleton na Elimu ya Hesabu za Biashara

Wako watu wanaodhani ya kuwa elimu ya hesabu za biashara haina historia wala hoja, na kwamba kazi yake ni kujumlisha na kutoa tu. Msomaji, kama unayo dhana hiyo, zitazame kazi za A. C. Littleton, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1886 akafariki mwaka 1974, naye alifundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Illinois. Vitabu vyake vyastahili sifa, na vyastahili pia kuulizwa maswali.

Kitabu chake Accounting Evolution to 1900 kilitoka mwaka 1933. Chaeleza asili ya desturi ya kuandika kila jambo la biashara mara mbili, upande wa kupokea na upande wa kutoa, ili kosa la upande mmoja lifichuliwe na upande wa pili. Wengi humsifu Luca Pacioli, ambaye kitabu chake kilipigwa chapa Venice mwaka 1494, kana kwamba yeye ndiye aliyeibuni desturi hiyo. Kumbe Pacioli alieleza yaliyokuwa yakitendwa na wafanya biashara kabla yake. Littleton afundisha ya kuwa desturi hiyo haikuweza kuzaliwa mpaka yalipokutana mambo saba: maandishi, ujuzi wa kuhesabu, mali ya mtu binafsi, fedha, mkopo, biashara na mtaji. Huu ndio ubora wa historia yake. Hatafuti shujaa, atafuta haja iliyowasukuma watu.

Katika Structure of Accounting Theory, kilichotoka mwaka 1953, atetea kanuni moja kwa nguvu: daftari na liandike kiasi kilichotolewa kwa kweli, si bei inayokisiwa leo, na mapato yalinganishwe na gharama iliyoyaleta.

Tuipime kanuni hiyo kwa mchai, mmea unaojulikana sana na wakazi wa Kericho na Bomet. Tuseme mkulima ametumia shilingi 60,000 kupanda shamba. Mwaka wa kwanza hapati mavuno. Baadaye atachuma kwa miaka mingi. Akiiandika gharama yote katika mwaka wa kwanza, ataonekana amefilisika, na miaka ifuatayo ataonekana tajiri pasipo gharama. Haki ni kuigawa gharama hiyo kwa miaka ya mavuno. Tena, bei ikipanda mnadani Mombasa, je, aandike ya kuwa michai yake imemletea faida, hali hajauza hata jani moja? Kwa kanuni ya Littleton, la.

Hoja hii si ya vitabuni tu. Kenya ilianza kuzifuata kanuni za kimataifa za hesabu mwaka 1999. Kanuni ya kilimo, iliyoanza kutumika mwaka 2003, iliagiza michai ikadiriwe thamani upya kila mwaka, na tofauti ihesabiwe katika faida au hasara. Mwaka 2014 ilirekebishwa, na tangu mwaka 2016 michai yaweza tena kuhesabiwa kwa gharama yake. Majani yanayoota juu yake ndiyo yaliyobaki kukadiriwa. Hapo Littleton alipata ushindi baada ya kufa kwake.

Lakini kanuni yake ina upungufu. Yataka kujua kilichotolewa na mwenye daftari. Haiulizi kilichotolewa na mtu mwingine. Ardhi ya Wakipsigis ilitwaliwa chini ya sheria za kikoloni, na katika miaka ya 1920 makampuni yakaanza kupanda mashamba makubwa ya chai. Mwaka 1934 ikatungwa sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, wakapelekwa Gwassi, mbali na kwao. Daftari la kampuni laweza kuandika kila senti ya miche, kodi na mishahara, pande zote mbili zikalingana, wala lisiwe na neno moja juu ya aliyepoteza shamba lake. Mali ya mtu binafsi ni moja katika yale mambo saba. Jinsi mali hiyo ilivyopatikana haimo katika hesabu.

Kwa hiyo, msomaji, msome Littleton kwa heshima, wala usimwachie hukumu yote. Ukipewa hesabu yoyote, iwe ya kampuni, ya chama cha ushirika au ya serikali, uliza kwanza kama tarakimu zake zatokana na jambo lililotendeka au na makisio. Kisha uliza ni nani aliyetoa kitu bila jina lake kuandikwa. Swali la kwanza utafundishwa na Littleton. La pili yakupasa ulijibu kwa kusoma historia ya nchi yako.