Wawili Wawili: Tahakiki ya "Hubiri Injili Yangu"

Mwongozo huu wa wamisionari wa Kimormoni, uliotolewa mwaka 2004, hautaki masomo yakaririwe. Kijana, ambaye tangu 2012 aweza kutumwa akiwa na miaka 18, hujisomea asubuhi, hutembea na mwenzake, humsikiliza mwenyeji, ndipo hufundisha. Twausifu utaratibu huo. Ni wangapi kati ya wainjilisti wetu tuliowaandaa hivyo? Lakini mwenyeji huambiwa asome Kitabu cha Mormoni, aombe, na ushuhuda atakaousikia moyoni uwe thibitisho. Hapo twapinga. Makala ya Smalkald (1537) yafundisha kwamba Roho hutolewa kwa Neno la nje. Moyo peke yake hupotosha. Wakibisha hodi Mbalibali, mkoani Mara, Mkristo wetu asiwafukuze. Awakaribishe, akiwa ameijua Katekisimo yake.