Dhiraa ya Nani? Tahakiki ya Orodha za Vyuo Vikuu

Wafanyabiashara wa pwani ya Afrika Mashariki walikuwa na vipimo vya namna nyingi, na kila kipimo kilijua bidhaa yake. Nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, pembe na karafuu kwa frasila, nguo kwa dhiraa na wari. Hapana aliyepima kaniki kwa pishi. Dhiraa nayo ilikuwa na ila yake, maana ni urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na mikono ya wanadamu hailingani. Hivyo mnunuzi alikuwa na haki ya kuutazama kwanza mkono wa muuzaji, ndipo aulize bei.

Mkono huo wa mpimaji ndio unaosahauliwa katika uorodheshaji wa vyuo vikuu. Kwa miaka zaidi ya 20 sasa magazeti, wizara na vyuo vyenyewe vimezoea kuzisoma orodha hizi kana kwamba ni matokeo ya mtihani mmoja uliofanywa na wote katika chumba kimoja. Wapo pia wanaozikataa zote kwa jumla, wakidai kwamba elimu haipimiki. Dai hilo ni rahisi mno, na aghalabu hutamkwa na walioshika mkia. Chuo kinachoendeshwa kwa kodi ya wananchi hakina budi kupimwa. Swali la mhakiki ni jingine: kipimo kinachoitwa kisicho na upendeleo kimepima nini hasa, na kwa mkono wa nani?

Orodha inayostahili kuchunguzwa kwanza ni ile ya Shanghai, kwa kuwa ndiyo yenye haki kubwa zaidi ya kudai sifa hiyo ya kutopendelea. Ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2003 na Chuo Kikuu cha Jiao Tong cha Shanghai, chini ya uongozi wa Profesa Nian Cai Liu. Chanzo chake si siri. Mwezi wa Mei 1998, katika sherehe za kutimiza miaka 100 za Chuo Kikuu cha Peking, Rais Jiang Zemin alitangaza nia ya China ya kuwa na vyuo vikuu vya daraja la kwanza duniani, na fedha nyingi zikaanza kumiminwa katika vyuo vichache vilivyoteuliwa. Waliokabidhiwa fedha hizo walihitaji kujua umbali uliokuwapo baina yao na vyuo vikubwa vya utafiti vya Marekani na Ulaya. Hilo lilikuwa swali la kweli, tena lenye mipaka. Orodha ilijengwa ili kulijibu, na kwa swali hilo haikuwa chombo kibaya.

Sifa yake moja haina budi kukubaliwa kabla ya lawama zozote. Orodha ya Shanghai haimwulizi mtu maoni yake. Haimtumii mhadhiri wa Mombasa hojaji ya kumtaka avitaje vyuo bora vya fizikia duniani, ambavyo hajapata kuviona wala kuvisikia ila katika orodha ya mwaka uliopita. Orodha ya QS, kinyume chake, kwa miaka mingi ilitoa asilimia 40 ya alama zake zote kwa hojaji ya namna hiyo, hata ilipofika toleo la 2024 ndipo ikaipunguza hadi asilimia 30. Katika upimaji kama huo sifa huzaa nafasi, na nafasi huzaa sifa, mfano wa mtu anayejitazama katika kioo kisha akamtaja aliye kiooni kuwa shahidi wake. Shanghai iliukwepa mtego huo. Hesabu zake kwa sehemu kubwa hutoka katika kumbukumbu zilizo nje ya vyuo vyenyewe, na ubaya wa kuviachia vyuo vijitolee takwimu ulionekana wazi nchini Marekani, ambako gazeti la U.S. News limekuwa likiviorodhesha vyuo tangu 1983. Mwezi wa Februari 2022 Michael Thaddeus, profesa wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Columbia, alizichambua takwimu ambazo chuo chake mwenyewe kilikuwa kimezipeleka, akaonyesha kwamba baadhi yake hazikubaliki. Columbia ilikuwa ya pili wakati huo. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo ilionekana katika nafasi ya 18.

Ubora huo wa Shanghai ukishakubaliwa, vipimo vyake sita visomwe kama matini inavyosomwa, neno kwa neno. Kipimo cha kwanza kimepewa jina la ubora wa elimu, nacho kina asilimia 10. Msomaji angetazamia kukuta humo habari za ufundishaji: wanafunzi huingia na nini, hutoka na nini, mwalimu mmoja hufundisha wangapi. Hamna. Kinachohesabiwa ni idadi ya wahitimu waliopata Tuzo ya Nobel au nishani ya Fields. Chuo kikuu kilichowatoa walimu wa shule za sekondari za nchi nzima, na wauguzi, na mahakimu, na wahandisi wa barabara, kwa kipimo hiki kina elimu yenye ubora wa sufuri, ila mmoja wa hao aitwe Stockholm. Hapa si hesabu iliyokosea. Kilichokosea ni jina. Lau kipimo hiki kingeitwa idadi ya wahitimu wenye tuzo, hapana ambaye angekuwa na ugomvi nacho, lakini pia hapana ambaye angekitumia kumchagulia mwanawe chuo.

Kipimo cha pili na cha tatu, kila kimoja asilimia 20, vimeitwa ubora wa walimu. Kimojawapo huhesabu walimu waliopata Nobel katika fizikia, kemia, tiba na uchumi, au nishani ya Fields katika hisabati. Kingine huhesabu watafiti wanaonukuliwa sana. Asilimia 40 zinazofuata ni za makala: 20 kwa yale yaliyochapishwa katika majarida mawili tu, Nature na Science, na 20 kwa yale yaliyoingizwa katika fahirisi mbili, moja ya sayansi na moja ya taaluma za jamii. Asilimia 10 za mwisho hupatikana kwa kuzigawanya alama hizo kwa idadi ya walimu. Maana yake ni kwamba katika asilimia 90 za alama ukubwa wa chuo haufidiwi kwa lolote, na chuo kikubwa cha kale humpita mdogo kwa wingi wa watu na wa miaka kabla hata mashindano hayajaanza.

Jinsi alama zinavyotolewa ndiko kunakouonyesha mkono wa mpimaji. Katika kila kipimo chuo kilichotia fora hupewa alama 100, kisha vingine vyote huhesabiwa kwa kulinganishwa nacho. Chuo hicho katika vipimo vingi kimekuwa Harvard, ambayo tangu 2003 hadi orodha ya 2025 haikupata kuondoka katika nafasi ya kwanza. Kwa hiyo dhiraa ina mwenyewe, na mkono wake unajulikana. Kwa wapangaji wa China hapakuwa na dosari yoyote hapo, maana ndio mkono waliotaka kuufikia. Dosari ilianza pale watu wengine, wenye maswali mengine, walipoichukua dhiraa hiyo wakaiita kipimo cha ulimwengu.

Hata kuhesabu tuzo, jambo linaloonekana kuwa halina shaka, huhitaji uamuzi usiotokana na hesabu. Mfano wa Berlin watosha. Kabla ya Vita Vikuu vya Pili Chuo Kikuu cha Berlin kilikuwa na washindi wengi wa Nobel, Albert Einstein akiwa mmojawapo. Baada ya vita mji uligawanyika. Majengo ya chuo cha zamani yakabaki upande wa mashariki, na chuo kikaitwa Humboldt. Upande wa magharibi Chuo Kikuu Huru kikaanzishwa mwaka 1948. Je, Einstein ni wa nani? Vyuo vyote viwili vilidai urithi, na mzozo huo ulifanya majina yao yote mawili yakosekane katika orodha ya Shanghai kwa miaka kadhaa. Mirathi hii ni ya kisiasa na ya kihistoria. Kikokotoo hakiwezi kuigawa.

Vipimo vya kunukuliwa navyo vina visa vyake, na kisa cha Alexandria kimesimuliwa mara nyingi. Katika orodha ya Times Higher Education ya mwaka 2010 chuo kikuu hicho cha Misri kilikuwa cha 147 duniani, lakini kwa kunukuliwa peke yake kilikuwa cha nne, nyuma ya Caltech, MIT na Princeton, mbele ya Harvard. Sababu kubwa ilikuwa ni mtu mmoja, aliyechapisha mamia ya makala yake katika jarida alilolihariri mwenyewe. Hesabu haikudanganya hata kidogo. Malaysia nako, Chuo Kikuu cha Malaya kilishangilia mwaka 2004 kwa kuwa cha 89 katika orodha ya kwanza ya Times na QS. Mwaka uliofuata kilikuwa cha 169. Katika mwaka huo mmoja maktaba haikuungua wala walimu hawakukimbia: ilibainika tu kwamba raia wa Malaysia wenye asili ya China na India walikuwa wamehesabiwa kuwa wanafunzi wa kigeni, na wageni wana alama zao. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakusema lolote juu ya kitu ambacho hakikubadilika kikauzwa kwa bei mbili.

Kwa taaluma ya lugha za Kiafrika jambo lenye uzito kuliko yote hayo ni lile lisiloonekana. Makosa ya Alexandria na Malaya yaligunduliwa kwa kuwa nambari zilikuwapo zikaonekana kuwa za ajabu. Ambacho hakikupewa nambari hakigunduliki. Itazamwe tena orodha ya tuzo za walimu: fasihi haimo, wala amani. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alifundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent kwa miaka mingi, akapata Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Alikuwa amekwisha kustaafu. Lakini hata kama angekuwa bado darasani siku ile, kipimo cha walimu kisingekipa chuo chake alama hata moja. Wangari Maathai, aliyefundisha anatomia ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Nairobi kabla ya kupata Nobel ya Amani mwaka 2004, kwa kipimo hichohicho ni kama hakupata kitu. Fahirisi ya sanaa na taaluma za binadamu ipo, lakini Shanghai haiitumii. Waandaaji wenyewe wanaifahamu kasoro hii, ndiyo sababu vyuo vilivyojikita katika taaluma za jamii, kama vile London School of Economics, huondolewa kipimo cha Nature na Science. Idara ya Kiswahili iliyomo ndani ya chuo cha kawaida haina msamaha huo.

Tena kinachohesabiwa ni makala peke yake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa mwaka 1981 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni kazi iliyotumiwa na vizazi vya walimu, waandishi na watafsiri. Ingetokea leo isingekisogeza chuo chake hata nafasi moja. Neno runinga linatamkwa kila jioni katika nyumba za Kenya, na anayetajwa sana kuwa mbunifu wake ni Ahmed Sheikh Nabhany, mwanachuoni wa Mombasa. Hakuna fahirisi inayonukuu neno kila linapotamkwa.

Hatari iliyopo hapa haihusu heshima tu. Mtafiti kijana aliyegundua jambo jipya katika sarufi ya Kimvita au katika miswada ya tenzi za Lamu ana njia mbili mbele yake. Akiliandika kwa Kiswahili, litasomwa na mwalimu wa Malindi, na mhariri wa kamusi, na pengine na mjukuu wa mtunzi mwenyewe, ambaye ataweza kulisahihisha. Akiliandika kwa Kiingereza katika jarida la ng'ambo lililomo katika fahirisi, litahesabiwa. Mkuu wa chuo anayeikimbilia orodha hana haja ya kumkataza lugha yake. Yatosha kumwonyesha ni ipi kati ya njia hizo yenye alama. Baada ya kizazi kimoja kuchagua hivyo, istilahi za taaluma yenyewe huacha kukua, kwa kuwa hapana anayezihitaji ili abishane na mwenzake.

Wapo walioanza kujitoa. Mwaka 2020 taasisi saba za teknolojia za India zilisusia orodha ya Times, na mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Utrecht cha Uholanzi kikaacha kuipelekea takwimu. Hivyo ni vyuo vyenye jina tayari, na kususia si gharama kubwa kwao. Nchini Kenya mvuto bado ni mkubwa, na hata orodha ya Webometrics, ambayo tangu 2004 imekuwa ikitazama zaidi tovuti za vyuo, husomwa magazetini kana kwamba imepima madarasa.

Pengine orodha iliyo aminifu kuliko zote ni ile inayotolewa na Chuo Kikuu cha Leiden. Hii haivichanganyi vipimo vyake ili kupata alama moja, wala haihesabu tuzo, wala haiulizi maoni. Humwachia msomaji achague mwenyewe kipimo kinacholingana na swali lake. Inafaa pia kusifiwa kwa kueleza masharti yake bila kificho. Miongoni mwa masharti ya makala yanayohesabiwa katika vipimo vyake vikuu kuna hili, lililoandikwa waziwazi: yawe yameandikwa kwa Kiingereza. Makala ya Kiswahili humo hayapewi alama ndogo. Hayamo.