Kipimo cha dripu kilivyotafutwa

Mgonjwa wa saratani ya matiti akiandikiwa kemotherapi, hupimwa urefu na uzito, hesabu ikapigwa ya eneo la mwili wake kwa mita za mraba, kisha ikazidishwa kwa miligramu za dawa. Kwa doksorubisini, ile dawa nyekundu inayoogopwa wodini, tarakimu inayotumika sana ni miligramu 60 kwa kila mita ya mraba. Kwa nini 60? Kwa nini isiwe 30, mgonjwa apumue, au 90, ugonjwa ukomeshwe? Jibu lilitafutwa kwa zaidi ya miaka ishirini. Njiani lilitolewa jibu moja lililokosewa kwa nia njema, na jingine lililopikwa.

Mwanzo wake ni Milano, Italia. Mwaka 1973, Gianni Bonadonna na wenzake katika taasisi ya saratani ya mji huo walianza kuwapanga kwa kura wanawake waliokwisha kukatwa titi, ambao saratani yao ilikuwa imefika kwenye tezi za kwapani. Kundi moja halikuongezewa kitu baada ya upasuaji. La pili lilipewa mizunguko 12 ya mchanganyiko uitwao CMF: siklofosfamidi ya vidonge siku 14 mfululizo, methotreksati na fluorourasili ya mshipani siku ya 1 na ya 8, kisha mapumziko, na mzunguko unaanza upya baada ya siku 28. Matokeo ya kwanza yalitoka Februari 1976 katika jarida la New England Journal of Medicine. Baada ya miezi 27, saratani ilikuwa imerudi kwa asilimia 24 ya wanawake 179 waliofanyiwa upasuaji tu, na kwa asilimia 5.3 ya wanawake 207 waliopewa CMF.

Hadi hapo kazi ilikuwa safi, kwa sababu kura ndiyo iliyoamua nani apate dawa na nani akose. Tatizo lilikuja mwaka 1981, Bonadonna na Pinuccia Valagussa walipoirudia takwimu ileile kwa swali jipya: miongoni mwa waliopewa CMF, je, waliopata dawa nyingi walinufaika zaidi? Wakawagawa kwa kiasi walichopokea. Waliopata asilimia 85 au zaidi ya dozi iliyopangwa, asilimia 77 kati yao walifika mwaka wa tano bila saratani kurudi. Waliopata kati ya asilimia 65 na 84, walikuwa asilimia 56. Waliopata chini ya asilimia 65, asilimia 48, yaani karibu sawa na wasiopewa dawa kabisa, ambao walikuwa asilimia 45.

Ngazi iliyopangika hivyo inashawishi. Madaktari wengi walitoka na funzo moja: usipunguze dozi, na ukiweza ongeza.

Tazama lakini jinsi ngazi ile ilivyojengwa. Kura ya Milano iliwagawa wanawake kati ya CMF na kutopewa dawa. Haikuwagawa kati ya dozi kubwa na dozi ndogo. Aliyeishia na dozi ndogo alifika huko kwa sababu zake mwenyewe. Mwingine umri ulikuwa umekwenda, na utaratibu wa Milano wenyewe uliwapunguzia wazee dawa tangu siku ya kwanza. Mwingine damu yake ilishuka mno. Mwingine, na hapa ndipo penye mtego, saratani ilimrudia mzunguko wa tano, dripu zikasimamishwa, naye akahesabiwa kuwa "alipata dozi ndogo." Kwake ugonjwa ndio ulioleta dozi ndogo, lakini jedwali likasomeka kana kwamba dozi ndogo ndiyo iliyoleta ugonjwa.

Mwaka mmoja kabla, watafiti wa magonjwa ya moyo nchini Marekani walikuwa wamechapisha jambo la kushangaza. Walijaribu dawa iitwayo klofibreti kwa wanaume waliowahi kupata shambulio la moyo. Katika kundi lililopewa vidonge vya bandia, visivyo na dawa yoyote, waliovimeza kwa utiifu walikufa asilimia 15 ndani ya miaka mitano, na waliovimeza kwa kurukaruka walikufa asilimia 28. Kidonge kitupu hakiponyi moyo. Kilichopimwa pale ni tofauti ya watu: anayefuata masharti ya dawa ana mambo mengine mengi yanayomsaidia kuishi. Mwaka 1983 Carol Redmond na Bernard Fisher, pamoja na mwenzao, walilipeleka swali hilohilo kwenye saratani ya matiti. Walitumia njia ya Milano kwa wanawake wa jaribio la Marekani waliokuwa wamepewa vidonge vya bandia, na ngazi ya dozi ikajitokeza hata kwao.

Ufumbuzi ulikuwa kupiga kura upya, safari hii kwa dozi yenyewe. Kikundi cha watafiti wa Marekani kijulikanacho kwa kifupi kama CALGB kilianzisha jaribio namba 8541 kwa wanawake zaidi ya 1,500. Wote walipewa dawa tatu zilezile: siklofosfamidi, doksorubisini na fluorourasili. Kundi la juu lilipata doksorubisini miligramu 60 kwa mizunguko minne, jumla 240. Kundi la chini lilipata 30 kwa mizunguko minne, jumla 120. Ustadi wa jaribio ulikuwa kwenye kundi la kati: miligramu 40 kwa mizunguko sita, jumla 240. Kundi hilo lilipata dawa nyingi sawa na la juu, ila ikatawanywa kwenye muda mrefu zaidi. Kwa hiyo jaribio moja lingeweza kutenganisha mambo mawili yaliyokuwa yakichanganywa: jumla ya dawa, na kasi ya kuitoa.

Katika ripoti ya mwaka 1998, waliokuwa hai baada ya miaka mitano walikuwa asilimia 79 kundi la juu, 77 la kati na 72 la chini. Kundi la chini lilipoteza. Kati ya juu na kati haikuonekana tofauti ya kutegemewa. Jaribio jingine la kikundi hicho, namba 9344, lenye wanawake 3,121, likapanda upande wa pili: doksorubisini 60, 75 na 90. Juu ya 60 hakukuwa na faida. Hapo ndipo tarakimu ile ilipopata nguvu yake. Ukikata nusu, wagonjwa wanakufa zaidi, na ukiongeza nusu, unaongeza madhara bure.

Wakati majaribio hayo yakiendelea polepole, wengine hawakutaka kusubiri. Hoja yao ilisikika vizuri: ikiwa kinachozuia dozi kubwa ni kufa kwa uboho unaotengeneza damu, basi mgonjwa atolewe seli za uboho, zihifadhiwe, apewe dozi kubwa kupindukia, kisha arudishiwe seli zake. Katika miaka ya 1990 tiba hiyo ilienea Marekani kabla haijathibitishwa. Wagonjwa waliikimbilia na bima zikaburutwa mahakamani. Mwaka 1993 baraza la mahakama moja la California liliiamuru kampuni ya bima iliyokataa kuilipia itoe dola milioni 89. Majaribio ya kura yakakosa washiriki, maana nani akubali kupigiwa kura wakati tiba inapatikana nje ya jaribio?

Mei 1999, kwenye mkutano wa madaktari wa saratani mjini Atlanta, matokeo yaliwekwa mezani. Majaribio mengine hayakuonyesha kwamba dozi kubwa inaokoa maisha. Moja lilipingana na hayo yote, la Werner Bezwoda wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, lililodaiwa kuwa na wanawake 154. Bezwoda hakuwa mgeni. Mwaka 1995 alikuwa amechapisha jaribio la wanawake 90 lililoisifu dozi kubwa vilevile, na wengi walilitegemea.

Wamarekani walipotaka kuirudia tiba yake, walituma kwanza timu ikague mafaili. Januari 2000, Raymond Weiss na wenzake walifika Johannesburg. Kati ya wagonjwa 154 walionyeshwa mafaili ya 58, yote ya waliopewa dozi kubwa. La kundi la kulinganishia halikuonekana hata moja. Wengi wa hao 58 hawakutimiza masharti ya kuingia kwenye jaribio. Hakukuwa na fomu ya ridhaa iliyotiwa saini, wala kamati ya maadili ya chuo haikuwa na kumbukumbu ya kuidhinisha tiba hiyo. Bezwoda alikiri kwamba kundi la kulinganishia lilipewa dawa tofauti na zile alizozitangaza. Ripoti ya 1995 nayo ilikaguliwa, na jarida lililoichapisha likaifuta mwaka 2001.

Somo la Johannesburg si kwamba udanganyifu upo, hilo linajulikana. Ulidumu kwa sababu ulisema walichotaka kusikia watu. Tiba ya dozi kubwa ilipopimwa kwa kura katika jaribio la CALGB namba 9082, lenye wanawake 785, waliokaa miaka mitano bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 61 kwa dozi kubwa na 58 kwa dozi ya kati, tofauti isiyo na uzito. Lakini wanawake 33 wa dozi kubwa waliuawa na tiba yenyewe.

Mlango wa dozi ulipofungwa, ulibaki mlango wa muda. Larry Norton na Richard Simon walikuwa wamejenga hoja kutoka kwenye hesabu za ukuaji: uvimbe mdogo hukua kwa kasi kuliko mkubwa, kwa hiyo mabaki ya saratani baada ya dripu hurudi mbio kama magugu baada ya palizi. Basi usiongeze makali ya jembe, punguza siku kati ya palizi na palizi. Jaribio la CALGB namba 9741, lenye wanawake 2,005, lilitoa dawa zilezile, kiasi kilekile, ila kila wiki mbili badala ya tatu. Kilichowezesha ni filgrastimu, sindano inayoharakisha utengenezaji wa chembechembe nyeupe za damu. Baada ya miaka minne, waliokuwa bila saratani kurudi walikuwa asilimia 82 dhidi ya 75. Mwaka 2019 wachambuzi wa Oxford waliunganisha majaribio 26 yenye wanawake zaidi ya 37,000 waliopewa kemotherapi iliyosogezwa karibu au kupangwa kwa mfuatano. Vifo vya saratani ya matiti ndani ya miaka kumi vilikuwa asilimia 18.9 dhidi ya 21.3. Faida ipo, nayo ni ya kiasi.

Kwa hospitali zetu za Afrika Mashariki, hesabu hii ina masharti. Ratiba ya wiki mbili haiji bila filgrastimu. Atakayeiga ratiba akaacha sindano hajafuata jaribio lile, ameanzisha lake asilolipima. Vilevile jaribio la 8541 halisemi kwamba wiki moja iliyorukwa kwa kukosa nauli inaua. Linasema nusu ya dozi, kuanzia mwanzo hadi mwisho, inagharimu maisha. Daktari anayemtisha mgonjwa kwa la kwanza na muuguzi anayelipuuza la pili wote wamelisoma vibaya.

Na jibu la matiti halihamii kwingine bila ruhusa. Mwaka 2009 Wajapani walionyesha kwamba dawa ya paklitakseli ya kila wiki, ikienda na nyingine iitwayo kaboplatini, iliongeza muda wa wenye saratani ya ovari kukaa bila ugonjwa kusonga mbele kutoka miezi 17.2 hadi 28. Hospitali nyingi zilitaka kubadilisha ratiba palepale. Mwaka 2019 jaribio la ICON8, lenye wanawake 1,566, wengi wao kutoka Ulaya, halikuona tofauti ya kutegemewa kati ya ratiba ya kila wiki na ile ya zamani. Wazo ni lilelile, ila ugonjwa na watu ni wengine.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba waliomaliza dozi ndio waliopona, muulize waliobaki walikomea wapi, na kwa nini. Kama jibu ni kwamba ugonjwa ndio uliowakomesha, hajakuambia lolote kuhusu dozi.