Sindano Pembeni mwa Jicho

Tuseme mtu amekutwa amekufa asubuhi huko Mwello, wilaya ya Tororo. Jana jioni alikunywa. Majirani wana majibu tayari: ni waragi mbovu, karogwa, ni chang'aa iliyovushwa mpakani Busia. Atakayejua kwa hakika ni mkemia wa maabara ya serikali ya Wandegeya, Kampala, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapo, ambaye hakuwahi kumwona marehemu. Kazi ya mtu huyo naistaajabia kila nikiifikiria.

Huanzia mochari. Damu haichotwi moyoni, ingawa ndiko iliko nyingi. Mtu akishakufa, dawa zilizokuwa zimejaa kwenye ini na mapafu huvuja polepole hadi kwenye damu ya kifuani, na kipimo kikaonekana kikubwa kuliko kilivyokuwa angali hai. Kwa hiyo sindano huingia kwenye mshipa wa paja, mbali na viungo hivyo. Damu hutiwa katika kichupa chenye kifuniko cha kijivu na unga kidogo wa sodiamu floridi. Bila unga huo vijidudu vya uozo vinaweza kutengeneza pombe njiani, ndani ya joto la gari, na mtu ambaye hakuonja hata tone akaandikwa mlevi.

Kisha jicho. Sindano nyembamba hupenya kwenye kona ya nje na kuvuta mililita 2 au 3 za ute mzito, mwangavu kama kioo. Ute huo umefungiwa peke yake na uozo huchelewa kuufikia, kwa hiyo hutoa ushahidi hata damu ikiwa imekwisha kuharibika. Fundi mzuri akishauvuta hurudishia maji kiasi kile kile, jicho lisibonyee. Mama atakayefunua shuka asikute uso mwingine. Hakuna kipimo kinachodai hatua hiyo.

Maabarani, kichupa kilichozibwa hupashwa moto, mvuke uliotanda juu ya damu ukachotwa na kupitishwa kwenye mrija mrefu, mwembamba kama uzi. Methanoli hutangulia kutoka, ethanoli ikafuata. Kwenye chati ni vilima viwili vilivyopishana kidogo tu. Kilima cha kwanza ndicho kilichoua makumi ya watu Kabale mwaka 2010, na zaidi ya 80 nchini Kenya Mei 2014. Methanoli yenyewe haina makali sana. Ini ndilo huigeuza kuwa asidi fomiki, nayo hushambulia neva za macho. Ndiyo maana mtu hurudi nyumbani kwa miguu yake, akalala, akaamka haoni. Na kwa kuwa ini huanza na ethanoli, madaktari huweza kumpa mgonjwa ethanoli ili kuichelewesha ile nyingine. Mkemia anayeyajua haya akikuta methanoli kidogo harukii kusema haikuua. Huitafuta asidi.

Lakini pombe ni jambo jepesi ukilinganisha na dawa za kulevya zinazosambaa sasa. Nitazini, dawa za jamii ya mofini, zilitengenezwa na kampuni ya Ciba, Uswisi, miaka ya 1950, zikaachwa kwa ukali wake; leo zimekutwa ndani ya kush, dawa ya kulevya inayovutwa Sierra Leone, nchi iliyotangaza hali ya dharura kwa ajili yake Aprili 2024. Kipimo cha haraka kilichoundwa kuitambua mofini hakizioni kabisa. Hapo spektrometa ya masi huvunja molekuli na kupima uzito wa kila kipande. Nitazini nyingi huacha kipande chenye uzito wa 100, kwa hiyo mkemia mzoefu, hata akikutana na aina ambayo haimo kwenye maktaba ya mashine, hushuku ukoo wake, kama mzee anavyomtambua mtoto wa fulani kwa mwendo. Bado haandiki jina. Husubiri mpaka apate sampuli safi ya kulinganishia, hata kama ni miezi.

Taarifa inayorudi Tororo huwa fupi: kilichopatikana, kiasi gani, katika damu ya paja. Kila damu hupimwa mara mbili, sambamba na kichupa kisicho na sumu na kingine chenye sumu ya kiasi kinachojulikana. Inayobaki huwekwa kwenye friza ikiwa na lakiri, ikimsubiri wakili atakayetaka ipimwe upya.