Nani Alilima Posho ya Msafara?

Shuleni tulisoma njia ya kale ya Bagamoyo hadi Ujiji kama orodha ya watu waliofika. Burton na Speke waliingia Kazeh, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya siku 134 kutoka pwani. Stanley alifika Kwihara Juni 1871. Unakariri, unajibu mtihani, unasahau. Julai iliyopita nilitaka kuvisoma vitabu vyao upya, safari hii nikiwa na vumbi la njia hiyo hiyo puani. Nikapanda baiskeli ya chuma kutoka Itigi, nikapita Tabora, nikaishia Urambo, kilomita kama 300. Kwenye keria nilifunga mfuko wa sandarusi wenye vitabu vitatu: *The Lake Regions of Central Africa* cha Burton (1860), *How I Found Livingstone* cha Stanley (1872), na *Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi*, yaani Tippu Tip.

Baiskeli ni msomaji mkali. Ukiwa kwenye basi, mashamba ni picha dirishani. Ukiwa unakanyaga pedali, shamba ndilo linaloamua siku yako: penye shamba pana kisima, penye kisima pana mama anayeuza viazi, na pasipo na shamba unalala na kiu. Kwa hiyo kila jioni niliviuliza vitabu vyangu swali moja tu. Msafara wa watu mia tano ulikuwa unakula nini, na nani alikilima?

Stanley nitampita haraka, kama yeye alivyopita. Ana macho, simnyimi hilo. Anayaona makazi ya Wakimbu waliofyeka mapori. Lakini ni mwandishi wa gazeti anayewahi habari yake, na kila kijiji kwake ni kitu kilichosimama kati yake na Livingstone.

Burton ni shida kubwa zaidi, kwa sababu ni mwandishi mzuri zaidi. Anaandika mazao, nyumba za tembe, bei, majina ya vituo. Mengi ya hayo aliyapata kwa mwenyeji wake Kazeh, mfanyabiashara Mwarabu Snay bin Amir. Anaisifu ardhi ya Unyamwezi, halafu anawadharau wanaoilima, mara nyingine katika ukurasa huo huo. Wasomi hutuambia tumsamehe kwa kuwa ni mtu wa zama zake. Mimi namlaumu kama mwandishi: dharau imemharibia kazi. Chukua pori kati ya Ugogo na Unyanyembe, lililoitwa Mgunda Mkali. Burton analitafsiri jina, na msomaji wa Kiingereza anabaki na ule ukali, na moto, na mateso ya msafiri. Lakini neno la kwanza ni mgunda, shamba. Pori la kutisha kuliko yote katika kitabu chake linaitwa shamba, na hapo palikuwa na hadithi nzima ya kuulizia.

Siku hizi sehemu kubwa ya pori hilo ina lami, na Tura, Nyahua na Kigwa bado zipo kwa majina yale yale. Kuna neno moja la msafara nililielewa huko kwa miguu yangu: kutererekeza, au kutelekeza kama wengine wanavyolitamka, ambalo Wazungu hao waliliandika kila mmodja kwa tahajia yake. Unaondoka alasiri ukiwa umekunywa maji ya kutosha, unatembea hadi giza, unalala pakavu, asubuhi mapema unakwenda kuyakuta maji mbele. Nilifanya hivyo mara moja. Vijana wanaobeba mkaa kwa baiskeli hufanya hivyo bila kuliita jina lolote.

Na mizigo! Mpagazi wa karne ya 19 alibeba kilo 30 au zaidi kidogo, na vitabu vinashangaa. Nje ya Tabora nilipishana na watu waliobeba madumu manne ya maji, lita 20 kila moja, wakisukuma baiskeli kwenye mchanga. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika *Carriers of Culture* (2006), anasisitiza kwamba wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wafanyakazi wa ujira wenye taratibu zao na heshima ya kazi yao, si kundi la wanyonge waliosukumwa tu. Kwa anayetoka Tabora hilo ni jambo zito, maana jina “Mnyamwezi” mjini bado linaweza kutamkwa kama tusi la mbeba mizigo.

Sasa Tippu Tip. Hiki ndicho kitabu bora kati ya vitatu, na ndicho kilichonikera zaidi. Aliandika mwenyewe, kwa Kiswahili na kwa hati za Kiarabu. Heinrich Brode akakigeuza katika hati za Kilatini na kukitoa mwanzoni mwa karne ya 20. Anaanza akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili anayefanya biashara ya sandarusi (ile ya mti, si ya mfuko wangu). Sentensi zake hutembea kwa -ka-: akaenda, akanunua, akapigana, akarudi. Hapambi, haombi radhi. Wapagazi wanapomtoroka anakwenda kukamata watu na kuwafunga minyororo, anapata jina la Kingugwa, na anaendelea na safari. Wanafunzi wa fasihi wanaotafuta nathari ya Kiswahili isiyo na mafuta waanzie hapa.

Lakini ile kasi ya -ka- ina gharama, na gharama hiyo inalipwa na mkulima. Katika nathari ya namna hii kitu kinaonekana pale tu kinapozuia au kusaidia mwendo. Chakula kipo au hakipo. Baba yake, Muhammed bin Juma, aliishi Ituru karibu na Tabora na alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Ndoa hiyo ilifungua milango mingi ya biashara. Mimi nilitaka kujua mashamba ya pale Ituru yalilimwa na mikono ya nani, wangapi kati yao walikuwa watumwa, na Karunde aliamrisha nini. Mwandishi ameshafika mbele.

Karibu na Kigwa bibi mmoja alikuwa anakata viazi vya michembe juani. Baada ya mwangaluka akaitazama keria yangu.

“Unauza nini, mjukuu wangu?”

“Siuzi, bibi. Ni vitabu.”

“Vya nini?”

“Vya watu waliopita hapa zamani.”

“Walipita tu?” akauliza, akaendelea kukata.

Tangu 2006 Tanzania imeiweka njia hii kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, kama njia ya kati ya watumwa na pembe. Sipingi, ukatili huo lazima utajwe kwa jina. Ila jina hilo, kama vile vitabu, linahesabu kilichokuwa kinaondoka kwenda pwani.

Urambo ina tumbaku, nayo pia huondoka. Nilifika msimu wa masoko, marobota yakipakiwa. Hapo hapo Urambo, mwaka 1892, alifariki Jacob Wainwright, mtumwa aliyekombolewa na kusomeshwa. Alikuwa katika msafara wa akina Chuma na Susi uliobeba maiti ya Livingstone. Walipopita Unyanyembe mwaka 1873, Cameron aliwashauri wamzike pale. Walikataa, wakaendelea hadi pwani. Wainwright aliandika shajara ya safari hiyo. Ndicho kitabu ambacho sikukifunga kwenye keria. Nilikisoma kwa Kiingereza, kwenye simu, nimekaa kwenye benchi la fundi baiskeli aliyekuwa ananizibia pancha. Fundi akauliza nasoma nini. Nikamweleza: kuna mtu aliubeba mwili wa Mzungu na wenzake, kwa miguu, miezi na miezi, mpaka Bagamoyo, halafu akayaandika.

Fundi aliitumbukiza tyubu kwenye beseni, akaangalia kama inatoa mapovu.

“Walilipwa shilingi ngapi?”