Kuli na Chama: Ni Nani Msemaji wa Mvuja Jasho?

Riwaya ya Shafi Adam Shafi, Kuli, iliyotolewa mwaka 1979, huhesabiwa miongoni mwa riwaya za ukombozi wa tabaka la wafanyakazi. Hatuna ugomvi na kauli hiyo. Linalotushughulisha hapa ni swali ambalo, kwa maoni yetu, hupitwa upesi mno: katika riwaya hii, ni nani amsemeaye kuli?

Rashidi, mwana wa kuli aliyekuja kuwa kuli kama babake, hapewi sauti yake na chama cha siasa. Sauti hiyo huzaliwa bandarini, katika mizigo mizito na ujira duni, nayo hukomaa katika mgomo wa mwaka 1948. Mwaka huo haukutajwa kuwa pambo. Chama cha ZNP kiliundwa mwaka 1955, na Afro-Shirazi mwaka 1957. Makuli wa Unguja, basi, walijisemea wenyewe kabla vyama hivyo havijatokea kudai kuwasemea.

Lakini riwaya ilipotoka, mambo yalikuwa yamegeuka. Tanzania Bara, vyama huru vya wafanyakazi vilivunjwa mwaka 1964, mahali pake pakashikwa na NUTA, ambayo Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais. CCM ilipoundwa mwaka 1977, JUWATA ikawa jumuiya ya chama. Hivyo msemaji wa mfanyakazi akawa mtumishi wa mwajiri mkubwa kupita wote, yaani serikali. Juu ya hilo Kuli iko kimya.

Huenda ikajibiwa kwamba riwaya ya kihistoria haidaiwi yaliyotukia baada ya wakati wake. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, msomaji wa 1979 aliisoma akiwa ndani ya wakati wake, na ushindi wa umoja wa makuli ungeweza kumfanya aamini kwamba suala la msemaji lilikwisha kutatuliwa. Hapo ndipo tuonapo upungufu wa dhamira.

Historia iliyofuata imeukuza upungufu huo. Azimio la Arusha la 1967 lilimtaka kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, asiwe na hisa katika kampuni wala mishahara miwili. Azimio la Zanzibar la 1991 lililegeza masharti hayo. Mwaka 1992 vyama vingi vikaruhusiwa, na mfanyakazi akawa mpiga kura mmoja kati ya wengi wanaobembelezwa. Nyundo na jembe vimebaki katika bendera ya CCM; ila mwenye nyundo hana tena hakika kwamba aketiye kikaoni ni mwenziwe.

Kwa sababu hiyo Kuli yastahili kusomwa upya. Imetupa kipimo ambacho yenyewe haikukitumia kwa zama zake: msemaji wa kuli ni yule ambaye makuli wenyewe wamemchagua, na ambaye wanaweza kumwondoa. Kwa kipimo hicho, vyama vyetu vya leo vina deni la kujibu.