Nakshi za Viti vya Philadelphia

Katika miaka ya 1760 Philadelphia ulikuwa mji mkubwa kuliko yote katika makoloni ya Kiingereza ya Marekani, na matajiri wake walipenda viti vya mtindo wa Kifaransa uitwao rokoko. Mafundi waliiga michoro ya kitabu cha Thomas Chippendale kilichochapishwa London mwaka 1754. Kuiga si aibu kwa mkono ujuao kuchagua. Mguu wa kiti chao umepinda kama goti la mnyama atakaye kuruka, na chini makucha yameshika tufe. Makucha hayo hayamo katika kitabu kile. London yalikwisha pitwa na wakati, lakini mafundi hawa hawakuyaacha, nami nawasifu.

Sivisifu hivyo viti vya John Cadwalader, vya kiasi cha mwaka 1770, ingawa wajuzi wengi huviita kilele cha ufundi. Majani yamepandana, na nyayo zimechongwa manyoya, hata jicho halina pa kutua. Mahogani ile, iliyokatwa na watumwa Jamaika na Honduras, ilikuwa na wekundu na mistari yake yenyewe. Patasi imevifunika vyote viwili.